Meno Yanayojua Kungoja

Ng'ombe hapigi teke kwa mguu alioukanyagia. Mbwa wa ng'ombe wa Australia analijua hilo kabla hajafundishwa na mtu. Akimfikia ng'ombe mkaidi kwa nyuma, huuacha mguu ulio hewani na kuungoja ule uliobeba uzito, akaung'ata chini karibu na ukwato, kisha papo hapo akajibwaga chini kifudifudi. Teke linapokuja, hupita juu ya kichwa chake. Mbwa mwenyewe ana kilo ishirini hivi. Ng'ombe anayeng'atwa anaweza kuwa na mia sita.

Kwetu Afrika Mashariki mbwa wa mfugaji ni mlinzi. Hubweka usiku fisi akilisogelea boma, na kunapokucha kundi huswagwa na kijana kwa fimbo na mluzi. Huku New South Wales, ninakofuga, mswagaji ni mbwa, na sababu yake ni ukubwa wa nchi. Katika miaka ya 1840 familia ya Hall ilikuwa na malisho ya mbali kaskazini, na ng'ombe wao walipaswa kutembezwa mamia ya kilomita mpaka soko la Sydney, katika pori lisilo na ua. Mbwa waliokuwapo walishindwa na joto, tena walibweka mno. Thomas Hall, aliyekaa Dartbrook katika bonde la Hunter, akawapandisha mbwa wa waswagaji wa Northumberland, Uingereza, na dingo, mbwa mwitu wa Australia. Dingo alileta miguu isiyochoka, na akaleta ukimya. Ukimya huo una thamani ya fedha, maana ng'ombe anayekurupushwa kwa kelele hukonda njiani, na mnunuzi hulipa kwa uzito. Familia iliwashikilia mbwa wake. Walienea kwa wafugaji wengine baada ya Hall kufariki mwaka 1870.

Jike wetu anaitwa Kanga, kwa ajili ya madoadoa yake. Alizaliwa mweupe, kama wanavyozaliwa wote wa aina yake, na rangi ya buluu ikamjia taratibu wiki kwa wiki. Kuishi naye ni kuishi na kiumbe asiyetaka kubaki nyuma. Nikitoka jikoni kwenda sebuleni, anaondoka jikoni. Nikifunga mlango wa bafu, analala akiuzuia kwa mgongo. Siku ya mvua, ng'ombe wakiwa hawaguswi, hujitafutia kazi: huwakusanya kuku pembeni mwa ghala, huwafuata watoto visiginoni, na mara nyingine huyakimbilia magurudumu ya trekta, jambo ambalo limewaua mbwa wengi wazuri. Wapo wanaoiita hali hii wazimu. Mimi naiita hamu ya kazi, na naiheshimu, kwa sababu bila hamu hiyo hakuna mbwa ambaye angerudi kwenye kwato baada ya kupigwa teke la kwanza.

Basi ufundi wenyewe uko wapi, ikiwa kung'ata amezaliwa nako? Uko katika kumzuia asing'ate. Kila ng'ombe ana umbali wake: ukiwa nje yake anakutazama tu, ukiuvuka anaondoka. Ukimsogelea kwa nyuma ya bega lake huenda mbele. Ukipita mbele ya bega hurudi nyuma au hugeuka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa, na kitu kilichojificha huko humlazimu ageuke akitafute. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado State huko Marekani, ameieleza mipaka hii vizuri katika maandishi yake, na mazizi mengi ya huko yamejengwa kwa kuifuata. Kanga huisoma kwa miguu. Nyuma ya kundi hatulii mahali pamoja. Huenda kushoto, huenda kulia, ili kila ng'ombe amwone kidogo na ajue yuko wapi.

Kisha linakuja lile gumu. Ng'ombe akielekea upande tunaoutaka, hata kwa hatua mbili, mbwa lazima alegeze hapo hapo. Kulegezewa ndiyo malipo ya ng'ombe. Akiendelea kubanwa ilhali ametii, atajifunza kwamba kutii hakuna faida, na kesho atageuka kupigana. Kwa hiyo siku za mwanzo za mbwa kijana huisha kwenye kamba ndefu, mbele ya ng'ombe wazee watulivu, akifundishwa kulala, kusimama na kurudi. Mwenye mbwa naye anajifunza kuangalia bega la ng'ombe badala ya kumwangalia mbwa, kwa kuwa amri ikichelewa kidogo tu, meno yameshafika. Nimewaona waswagaji wazee ambao sauti yao haipandi mchana kutwa, na sijaona kazi ya shamba inayopendeza kuliko hiyo.

Kipimo cha ufundi huu ni ng'ombe aliyezaa. Mwezi uliopita mmoja alijitenga kwenye kichaka na ndama wa siku moja, na Kanga alipokaribia, ng'ombe akainamisha kichwa na kupuliza pua. Umbali wake wote wa kawaida ulikuwa umefutika; mama wa namna hiyo hakimbii, anashambulia. Nikamwambia Kanga arudi. Mwili mzima ulimtetemeka, sikio moja kwangu na jingine kwa ng'ombe, kisha akageuka akaja mpaka kwenye kiatu changu. Ng'ombe tulimwacha palepale, na kesho yake akaja mwenyewe na ndama wake. Kanga siku hiyo alikuwa na madume kumi na moja ya kupeleka kwenye mizani, na hayo hayakuwa na haja ya kubembelezwa.