Chumba Juu ya Paa: Manyovu, Mtabila, Kibondo

Jamani, twendeni Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma! Naandika vumbi jekundu likiwa bado masikioni, na sitaki kuoga kabla sijamaliza.

Tuanze na gari. Ni Land Cruiser mkonga ya kukodi, juu ya paa hema la kukunjua, nyuma droo yenye jiko la gesi, friji dogo linalotumia betri ya pili, na tangi la maji lenye bomba lake. Unaegesha, unavuta ngazi, hema linafunguka lenyewe na godoro limo ndani! Maji ya chai hayajachemka, wewe tayari una chumba chenye madirisha pande zote.

Wajerumani wana mpango uitwao Landvergnügen, ulioanza 2014: unanunua kitabu na stika ya mwaka, unalaza gari lako shambani kwa mkulima usiku mmoja bila kulipia maegesho, na ukipenda unanunua mayai, jibini au divai yake. Niliposoma habari hiyo niliiwazia Kigoma papo hapo. Mashamba tunayo, wenyeji tunao, na sasa lami nayo imefika.

Na lami yenyewe! Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inapita katikati ya nchi ambayo zamani mabasi yake yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Leo unateremka mabonde ya Buhigwe kioo kikiwa wazi, migomba kulia, kahawa kushoto, na juu huku, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, baridi ya asubuhi inakulazimisha kuvaa sweta. Sweta, Kigoma! Aliyezoea joto la Ujiji hataamini.

Usiku uliotuteka ulikuwa wa Manyovu, uani kwa mama mmoja mkulima wa kahawa. Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukasaini daftari la wageni, naye akatupeleka mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni." Akaitazama ile ngazi, akalitazama hema, akauliza kama kweli watu wazima tutalala juu kama kuku. Watoto wakapanda wote kuhakikisha. Jiko letu la gesi halikuwashwa: ulikuja ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na dagaa wa ziwani, wale wadogo wa fedha ambao Dar es Salaam tunauziwa kwa bei ya kuumiza. Asubuhi, "Mwakeye!" toka kila upande, kisha kahawa iliyokaangwa chunguni na kutwangwa mbele yetu, kutoka vichanja vile vile tulivyoegesha kando yavyo. Hoteli gani itakupa hayo? Mama alikataa pesa ya kulala. Tukanunua kahawa, tukaacha sukari na sabuni. Ila maoni yangu ni kwamba mpango kama ule wa Wajerumani ukianzishwa rasmi, mwenye uwanja alipwe. Ukarimu wa Waha usigeuzwe maegesho ya bure.

Heru Juu tulipita haraka mno, na ni dhambi, maana ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekalia kiti cha Heru enzi za Waingereza.

Halafu Mtabila. Hapa palikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi mwisho wa 2012, ilipofungwa na zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa kwao. Sasa ni kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa hiyo kamera inabaki kwenye begi, na hema usilifungue karibu. Tulilala kijiji cha jirani, kwa mzee aliyekumbuka soko la kambini kuliko kitu kingine chochote: nani aliuza nini, nani aliondoka na deni lake. Aliwataja Warundi wale kwa majina, mmoja mmoja, hadi usiku sana. Nyarugusu na Nduta nazo zilifunguliwa kuwa kambi za wakimbizi. Bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani usikate kona kuelekea huko.

Kutoka hapo unavuka Mto Malagarasi, miombo inaanza, na Kibondo inakupokea kwa asali. Nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi! Tulijaza madumu.

Kasoro? Zipo. Gari halina choo, kwa hiyo unategemea cha mwenyeji, na uombe kwa adabu. Upepo wa mlimani unalitikisa hema usiku kucha. Ukiacha lami wakati wa masika, udongo ule utakushika hadi ekseli. Nenda kati ya Juni na Septemba, beba sweta mbili, jaza mafuta Kasulu, na uache nafasi nyuma ya gari, maana kahawa na asali zitaitaka yote.