Tuzo Haioteshi Nyasi: Jinsi South Carolina Ilivyowaenzi Mafundi Wake

Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilimpa Mary Jane Manigault, mshonaji vikapu wa mji wa Mount Pleasant katika jimbo la South Carolina, tuzo ya juu kabisa ambayo nchi hiyo huwapa wasanii wa jadi. Mwaka 2010 tuzo hiyohiyo ilirudi katika jimbo lilelile, safari hii kwa Mary Jackson, mshonaji wa vikapu vya aina ileile. Katika miaka 26 iliyopita kati ya tuzo hizo mbili, sifa za vikapu vya Mount Pleasant zilizidi kupaa huku nyasi za kuvishonea zikizidi kuadimika. Kwa yeyote anayetunga tuzo za mafundi, au anayekaa kwenye meza ya majaji, mambo hayo mawili yanafaa kusomwa kwa pamoja.

Msimamo wangu ni kwamba tuzo ya ufundi hufanya kazi yake inapoupima ufundi wote: mali ghafi inatoka wapi, nani anafundisha, nani anajifunza na nani ananunua. Ikimpima fundi na kazi ya mikono yake tu, humpa heshima anayoistahili kweli, lakini ufundi wenyewe huuacha palepale ulipokuwa. South Carolina ni mahali pazuri pa kuuchunguza msimamo huo kwa sababu jimbo hilo lina mafundi waliotuzwa katika ngazi ya jimbo na ya taifa, na matokeo yake yanaonekana.

Tuzo za ngazi mbili

Tuzo ya taifa inaitwa National Heritage Fellowship. Hutolewa na National Endowment for the Arts, wakala wa serikali kuu unaofadhili sanaa, na ilianza mwaka 1982 chini ya Bess Lomax Hawes, aliyekuwa mkuu wa idara ya sanaa za jadi katika wakala huo. Waliotuzwa mwaka wa kwanza walikuwa 15. Bill Monroe, mwanamuziki aliyejulikana nchi nzima, aliwekwa safu moja na Elijah Pierce, mchonga mbao wa Ohio. Duff Severe, fundi wa matandiko ya farasi kutoka Oregon. Georgeann Robinson, mshonaji wa mapambo ya riboni wa jamii ya Waosage. Na Philip Simmons, mhunzi wa Charleston, South Carolina. Orodha hiyo peke yake ilikuwa tamko: serikali ilisema kwamba kufua geti la chuma kunastahili heshima ileile inayopewa muziki unaojaza kumbi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1987, bunge la South Carolina lilianzisha tuzo yake, ambayo leo ina jina la Jean Laney Harris, mbunge wa jimbo hilo aliyeutetea urithi wa utamaduni wao. Husimamiwa na tume ya sanaa ya jimbo pamoja na Makumbusho ya McKissick ya Chuo Kikuu cha South Carolina. Muundo wake una jambo moja la busara: mbali na kuwatuza wanaofanya kazi ya mikono, huwatuza pia wanaoitetea. Anayeandaa masoko, anayekusanya kumbukumbu au anayepigania haki za mafundi anaweza kusimama mbele ya bunge kama anavyosimama mfinyanzi. Ngazi ya taifa ilichukua mkondo huo mwaka 2000, ilipoanzisha tuzo ya watetezi wa sanaa za jadi yenye jina la Bess Lomax Hawes.

Wahenga walisema chema chajiuza. Katika tuzo hizi methali hiyo haitoshi. Kwa tuzo ya taifa, fundi hawezi kujipendekeza mwenyewe. Lazima mtu mwingine aandike barua, akusanye picha na rekodi za kazi, kisha atafute watu wa kumwunga mkono. Jopo huangalia ubora wa kazi, nafasi yake ndani ya jadi husika, na mchango wa fundi katika kuiendeleza jadi hiyo. Yaani fundi hodari aliyejificha, ambaye hakuna aliyewahi kumwandika, hana njia ya kufika mezani.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya siku ya tuzo. Mtafiti John Michael Vlach alichapisha kitabu kuhusu Simmons mwaka 1981, na mwaka uliofuata Simmons akatuzwa. Dale Rosengarten alichapisha utafiti wake juu ya vikapu vya pwani hiyo kupitia McKissick mwaka 1986, na mwaka uliofuata bunge likaanzisha tuzo ya jimbo. Sidai kwamba kitabu kimoja kilizaa tuzo moja. Ninachosema ni kwamba jopo huweza kupima kile tu kilichoandikwa, kikapigwa picha na kuhifadhiwa. Anayetaka tuzo ya haki aanze kwa kuwalipa watu wanaozunguka vijijini na mitaani wakiwasikiliza mafundi.

Mhunzi na mji wake

Simmons alizaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Daniel, karibu na Charleston. Akiwa na umri wa miaka 13 aliingia karakana ya Peter Simmons, mhunzi aliyezaliwa utumwani. Walikuwa na jina moja bila kuwa na undugu. Mwanzoni kazi ilikuwa ya matumizi ya kila siku: viatu vya farasi, magurudumu ya mikokoteni, vyuma vya mashua. Magari yalipoenea kazi hiyo ilipungua, naye akahamia kwenye vyuma vya mapambo: mageti, uzio, vizuizi vya roshani na nondo za madirisha. Alipofariki mwaka 2009 akiwa na miaka 97, alikuwa ameacha zaidi ya vipande 500 vya kazi hiyo. Mwaka 1976, kwenye tamasha la Smithsonian jijini Washington, alifua mbele ya hadhira geti lenye nyota na samaki, akaonyesha kwamba fuawe, nyundo na koleo vinaweza kutunga picha.

Lakini kwa nini Charleston ilinunua mageti hayo kwa miaka mingi hivyo? Jibu halimo kwenye karakana peke yake. Mwaka 1931 mji huo ulipitisha sheria ya kulinda mtaa wake wa kihistoria, sheria ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani. Nyumba kongwe zilihitaji vyuma vya kale: cha zamani kikiliwa na kutu, kitengenezwe, kipya kikitakiwa, kifanane na mtaa. Kanuni za ujenzi zilimtengenezea mhunzi soko la kudumu, na soko hilo likamwezesha kuwafundisha jamaa zake walioiendeleza karakana. Tuzo ya 1982 ilimkuta fundi mwenye wateja na wanafunzi, ikampandisha hadhi. Mwaka 1991 ikaundwa taasisi yenye jina lake ya kuhifadhi kazi zake na kuuendeleza ufundi huo.

Hapa vitu vyote vilikuwepo. Chuma kinanunulika, mwalimu yupo, wanafunzi wapo, sheria inalinda soko. Katika hali kama hiyo heshima ya taifa huongeza nguvu kwa kitu kinachosimama tayari.

Vikapu na mchanga wa pwani

Ufundi wa Mount Pleasant uko katika hali tofauti kabisa. Mshonaji huchukua fungu la nyasi laini zenye harufu tamu, huanza na fundo dogo katikati, kisha hulizungusha fungu duara juu ya duara. Kila mzunguko hushonwa kwenye ule uliotangulia kwa ukanda mwembamba wa ukuti wa mnyaa, unaopitishwa kwenye tundu linalotobolewa kwa mpini wa kijiko ulionolewa au msumari uliopondwa. Matete huongeza nguvu, na majani marefu ya msonobari huongeza rangi ya kahawia. Kikapu kikubwa huweza kuchukua miezi kukamilika.

Waliouleta ufundi huu pwani hiyo ni Waafrika waliotekwa na kupelekwa kulima mpunga, na chombo chao cha awali kilikuwa ungo mpana wa kupepetea. Wajukuu wao, watu wa Gullah Geechee, waliuhifadhi ndani ya familia. Tangu miaka ya 1930 wanawake wamekuwa wakiviuza vikapu kwenye vibanda kando ya barabara kuu namba 17. Mary Jackson alianza kujifunza kwa mama na bibi yake akiwa na miaka minne.

Nyasi hizo huota nyuma ya vilima vya mchanga wa ufukweni na pembezoni mwa mabwawa ya maji ya chumvi. Huvunwa kwa mkono: shina huchomolewa, mzizi hubaki ardhini ili uchipue tena. Mvunaji mwangalifu hazimalizi. Kilichozimaliza ni hoteli na makazi ya kitajiri yenye mageti na walinzi, yaliyoenea kwenye visiwa vya pwani hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mahali familia zilipokuwa zikivuna kwa vizazi pakawa mali ya mtu binafsi, na baadhi ya wavunaji wakalazimika kusafiri hadi Georgia na Florida. Upanuzi wa barabara nao ukavisogeza vibanda vya kuuzia.

Kwa hiyo tuzo ya 1984 ilikuwa ya haki na ilikuwa pungufu. Ilimtambua mwalimu bora, ikauthibitishia umma kwamba kikapu ni sanaa. Haikuwa na kifungu chochote kuhusu ardhi. Mwenye hoteli hakulazimika kumfungulia geti mvunaji kwa sababu shangazi yake ana cheti cha Washington.

Pengo hilo lilizibwa kwa njia nyingine. Wanajamii waliunda chama cha washonaji, na Jackson alikuwa mmoja wa waanzilishi. Wakaomba ruhusa ya kuvuna kwenye ardhi binafsi, wakashirikiana na wataalamu wa mimea kupanda nyasi hizo kwenye mashamba ya majaribio. Mwaka 2006 jimbo liliutangaza ushonaji wa vikapu kuwa ufundi wake rasmi, na mwaka huohuo bunge la taifa likaunda ukanda wa urithi wa Gullah Geechee unaopita katika majimbo manne. Baadaye Mount Pleasant ikajenga banda la maonyesho na mauzo kando ya maji. Jackson alipotuzwa mwaka 2010, aliletwa mezani na kazi zake za ajabu pamoja na juhudi zake za kuilinda mali ghafi. Hapo tuzo iliona mbali zaidi kuliko mwaka 1984.

Fedha na masharti yake

Tuzo ya taifa ilianza na dola 5,000 na baadaye ikafika dola 25,000, zinazotolewa mara moja tu. Mwaka 2008 Jackson alikuwa amepata ruzuku ya taasisi ya MacArthur, dola 500,000 zilizogawanywa katika miaka mitano, bila sharti lolote. Japani ilichagua njia ya tatu. Chini ya sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 1950, bingwa anayeteuliwa kuwa mbeba ufundi muhimu hupokea yeni milioni 2 kila mwaka ili aendelee kuunoa ufundi wake na kuwafundisha warithi. Japani pia huvitambua vikundi, kama watengenezaji wa karatasi ya Hon-minoshi.

Hawes na wenzake waliijua njia ya Japani, nao wakachagua tuzo ya mara moja, inayomwachia fundi uhuru wake na kufikia watu wengi zaidi. Uamuzi huo una mantiki, na kwa mhunzi mwenye karakana iliyojaa wateja ulitosha. Kwa mshonaji anayetegemea mmea wa pwani naona njia ya Japani ina faida zaidi, kwa sababu kufundisha ni kazi ya miaka na inahitaji fedha za miaka. Nyongeza ninayoitaka ni kwamba sehemu ya fedha iende kwa kikundi chote kwa ajili ya kulinda mali ghafi.

Kwetu Afrika Mashariki mfano upo Uganda. Kitambaa cha magome cha Waganda, kinachotokana na gome la mti wa mutuba na kutunzwa na ukoo wa Ngonge, kilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu. Mutuba ukivunwa kwa ustadi na kufunikwa majani ya mgomba huotesha gome jipya. Ukikatwa kwa kuni, ufundi umekatwa nao. Ndiyo maana utambuzi ulihitaji kwenda pamoja na kupanda miti na kuwafundisha vijana. Wachonga milango wa Lamu na wasukaji wa ukili wa Pemba wanauelewa ukweli huu bila kuelezwa, kwa kuwa wanajua bei ya mbao na wanajua minyaa imebaki wapi.

Kwa hiyo napendekeza kila fomu ya kupendekeza fundi, iwe ya wilaya, kaunti au taifa, idai majibu manne. Mali ghafi inavunwa wapi, na haki ya kuivuna ni ya nani? Nani amejifunza kwa fundi huyu na sasa anajitegemea? Wanunuzi ni nani, na kanuni gani ya mji au ya serikali inawaleta? Tuzo ikitolewa, ni taasisi gani itawajibika kwa lile jibu lililo dhaifu kuliko mengine? Swali la nne ndilo zito, kwa kuwa linawagusa watoaji wa tuzo wenyewe. Jopo likigundua kwamba ukindu unaisha au msitu umefungwa, lina wajibu wa kulifikisha jambo hilo kwa idara ya misitu au mipango miji kabla ya kuchapa cheti, na fundi ana haki ya kuuliza limefika wapi.