Lugha ya Yakini katika Tamthilia za Jinai za Televisheni

Tamthilia ya CSI, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2000 na kudumu misimu 15, imelaumiwa mara nyingi kwa wingi wa maiti. Kasoro yake kubwa, hata hivyo, imo katika lugha. Mtaalamu wa maabara huingiza alama ya kidole katika kompyuta, mashine hulia, naye hutamka kwamba zimelingana. Hapana "yamkini", hapana "kwa kadiri fulani". Maneno ya tahadhari, ambayo ndiyo usemi hasa wa sayansi, yamefukuzwa jukwaani.

Kifani jambo hili laeleweka: kisa cha chini ya saa moja hakiwezi kungojea majibu ya miezi. Lakini je, hadhira huichukua fani kuwa ni maarifa? Mwaka 2006 Jaji Donald Shelton na wenzake, katika jimbo la Michigan, waliwahoji watu wapatao 1,000 walioitwa kuwa wazee wa baraza mahakamani. Asilimia 46 walitazamia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai. Hata hivyo haikuonekana dalili thabiti kwamba watazamaji wa CSI ni wepesi zaidi wa kuwaachilia washtakiwa. Wanaolia kwamba televisheni inawafungulia wahalifu mlango wamefanya haraka.

Hatari iko upande wa pili, katika kuamini mno. Mwaka 2004 wapelelezi wa FBI walishikilia kwamba alama ya kidole iliyopatikana Hispania, baada ya mashambulizi ya Madrid, ilikuwa ya wakili mmoja wa Oregon. Akawekwa kizuizini, mpaka Wahispania walipoonyesha kuwa ni ya mtu mwingine. Ripoti ya Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani ya mwaka 2009 ikaeleza kwamba, ukiacha vinasaba, hakuna mbinu iliyothibitishwa barabara kuweza kumfunga mtu mmoja mahsusi na ushahidi kwa yakini kubwa.

Msomaji wa Kiswahili anaye mpelelezi wa namna nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hana maabara. Naye pia, kama Sherlock Holmes aliye kielelezo chake, ni hodari kupita kawaida, na hilo lastahili lawama yake. Ila hoja zake humweleza sahibu yake Najum kwa maneno, hatua kwa hatua, na msomaji aweza kuzipinga. Mashine ya CSI haibishiwi.