"Class": Je, Watazamaji Walinung'unika kwa Haki?

Waingereza wana hadithi moja ya televisheni iliyoanza tarehe 23 mwezi wa 11, 1963, na wajukuu wa wale walioitazama siku ile wameitazama nao pia. Jina lake ni Doctor Who. Mwenye hadithi ni mgeni aliyetoka nyota ya mbali, watu humwita Daktari tu, naye husafiri toka wakati hata wakati ndani ya sanduku la rangi ya buluu. Fungu lake la kwanza kabisa lilianzia katika shule moja ya London iitwayo Coal Hill. Shikeni jina hilo, maana ndiko tunakokwenda.

Hadithi iliyoishi miaka mingi hivi haikosi kuzaa. Mwaka 2006 ilizaa Torchwood, iliyo ya watu wazima. Mwaka 2007 ilizaa The Sarah Jane Adventures, iliyo ya watoto. Zote mbili zilikwisha katika televisheni mwaka 2011. Basi, kati ya mtoto na mtu mzima yuko nani? Yuko kijana. Ndiyo sababu mwaka 2016 alizaliwa mwingine, jina lake Class, na makao yake ni Coal Hill ileile, sasa yenye majengo mapya. Huyu hakuishi sana: mafungu manane, kisha kimya. Lakini watu walimsema mno, na wengi waliomsema vibaya walimtazama mpaka siku ya mwisho. Jambo hilo lanifanya niulize: walikuwa wakililia nini hasa?

Kwanza tujue aliyeiandika. Mafungu yote manane ni ya Patrick Ness, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza. Vijana wasomao vitabu walimjua zamani. Mwaka 2011 alitoa A Monster Calls, kitabu cha mtoto ambaye mama yake anaugua kansa, na mti mkubwa unageuka dubwana na kuja kuzungumza naye. Wazo la kitabu hicho lilikuwa la mwandishi mwingine, Siobhan Dowd, aliyekufa kabla hajaliandika. Ness akalipokea, akalimaliza. Kitabu kilipewa nishani ya Carnegie mwaka 2012. Kwa hiyo watazamaji walipoketi mbele ya Class walikuwa na haki ya kungojea kitu kikubwa, maana mtu huyu anajua kusema na vijana juu ya kifo bila kuwadanganya.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika Coal Hill yuko kijana mmoja mpole, Charlie, mwenye sura ya Mwingereza wa kawaida. Kumbe ni mwana wa mfalme wa nyota iitwayo Rhodia, na watu wake wote wameuawa na viumbe tunaoweza kuwaita Watu wa Kivuli. Amebaki peke yake. Pamoja naye yuko Mwalimu Quill, mwanamke mkali afundishaye fizikia. Naye amebaki peke yake katika kabila lake, kabila lililopigana na utawala wa akina Charlie. Alishikwa, akahukumiwa, akatiwa mdudu kichwani. Akishika silaha au akikataa kumlinda mwana wa mfalme, mdudu atamuua. Basi adui amefanywa mlinzi, kwa nguvu. Tena katika shule hiyo ukuta uliopo kati ya dunia hii na dunia nyingine umepasuka, na katika ufa huo hupita kila namna ya dubwana. Pamoja na Charlie wako Ram mcheza mpira, April mpiga fidla, Tanya mwenye akili nyingi ambaye ni mdogo kuliko wote, na Matteusz, kijana wa Kipolandi.

Manung'uniko ya kwanza yalikuwa juu ya damu. Katika fungu la kwanza shule inafanya ngoma ya wanafunzi, na hapo Ram anamwona mchumba wake Rachel akiuawa mbele ya macho yake, kisha yeye mwenyewe anakatwa mguu. Fungu la pili ni la joka linalochuna watu ngozi. Wazazi waliokuwa wamezoea kuketi na watoto wao kumtazama Daktari walishtuka: je, hiki ni chakula cha watoto? Vijana wakajibu kwamba wao si watoto tena. Na wengine, walio watu wazima, walisema kwamba damu ilitiwa kwa kujionyesha tu, kama mvulana avutaye sigara ili aonekane mkubwa.

Mimi naona pande zote walipima kwa mizani isiyofaa. Damu ya hadithi haipimwi kwa vikombe. Swali ni hili: baada ya mtu kufa, hadithi inawafanya nini waliobaki? Tukiuliza hivyo, fungu la pili, pamoja na joka lake la kuchukiza, ni zuri kuliko lilivyosemwa. Ram hafurahii mguu mpya aliopewa na Daktari. Mguu haumtii. Mpira ambao zamani ulimfuata kama mbwa sasa unamkimbia. Hawezi kumwambia mtu sababu, na anaogopa kumwambia baba yake hasa, maana baba ndiye aliyeweka matumaini yake yote katika mchezo ule. Mwishoni anasema. Baba anasikiliza. Hakuna uchawi, hakuna bunduki, ni baba na mtoto wake tu.

La tatu linapita hilo. Baba yake Tanya alikufa miaka miwili kabla, na siku ya ukumbusho, usiku, anamkuta chumbani, ameketi, anamwita kwa jina. Anamwambia, "Nipe mkono wako." London nzima watu wanatembelewa hivyo na wafu wao. Ni mtego wa kiumbe alaye huzuni ya watu, lakini mtazamaji haoni haraka ya kuufunua, na Tanya anaongea na baba yake, anamkasirikia, anamtamani, anarudi nyuma, anakaribia tena. Kila aliyewahi kufiwa anajua ya kuwa mkono ule ni mgumu kuukataa. Hapa Ness ni yuleyule wa kitabu cha mti. Sijaona mtu aliyesema vibaya juu ya mazungumzo hayo ya Tanya na baba yake, hata kati ya wale waliochoka na mengine yote.

Manung'uniko ya pili: hadithi hii ni ya nani? Hapo nataka niwatetee watengenezaji kidogo, kisha niwaache. BBC Three, iliyoitoa, ilikuwa imeondolewa katika televisheni ya kawaida mwezi wa 2, 2016, ikabaki katika intaneti tu. Class ilianza huko tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka uleule, ikaisha tarehe 3 mwezi wa 12. Mwezi wa kwanza 2017 BBC One ikaionyesha kwa watu wote, lakini usiku sana, wakati kijana mwenye masomo kesho amekwisha kulala au angepaswa kulala. Halafu wakuu walistaajabu kwamba vijana hawakuja! Mwaka 2017 huohuo Ness alisema hataandika mafungu mengine, na miezi michache baadaye BBC ikatangaza kwamba hayatakuwapo. Mtu akipika chakula na kukiweka nyuma ya nyumba, asiwalaumu wageni.

Lakini kosa halikuwa la saa peke yake. Wengi walisema Class imefuata nyayo za Buffy the Vampire Slayer, hadithi ya Marekani ya tangu 1997 hata 2003, ambayo nayo ina shule iliyojengwa juu ya mlango wa mapepo, na vijana wanaofanya mzaha huku wakipigana. Ni kweli, zinafanana. Kuazima si dhambi, kwa maana hakuna hadithi isiyoazima. Ila Buffy ilikuwa na mafungu 22 karibu kila mwaka. Watu wake walipata siku za kucheka na siku za kulia, kila kitu na siku yake. Class ilikuwa na mafungu manane ya robo tatu za saa. Ndani ya nafasi hiyo ndogo ilitaka mzaha, mapenzi, joka, vita vya nyota na matanga. Mzaha unamfuata mtu aliyechunwa ngozi kwa mbio hata mtazamaji hajui uso gani auvae.

Kuna jambo la Charlie na Matteusz, wanaopendana. Wazazi wa Matteusz, watu wa kushika dini, wanamfukuza nyumbani. Baadhi ya watazamaji walisifu kwamba hadithi haikulifanya jambo hilo kuwa ajabu. Wengine hawakupenda kuliona kabisa. Wasomaji wetu wanajua mafundisho ya Kanisa, sitayarudia. Mimi nasema neno la mtazamaji tu: wazazi wale hawapewi nafasi ya kusema. Tunajua wamemfukuza, lakini hatusikii wakilia, wala wakigombana wao kwa wao baada ya mlango kufungwa. Na mlango wa namna hiyo haufungwi na wazazi bila usiku mrefu nyuma yake. Kwa wazazi wa Ram na wa Tanya mwandishi alikuwa mkarimu. Kwa hawa alikuwa bahili.

Juu ya Mwalimu Quill hakuna ugomvi. Walioipenda Class na walioichukia walikubaliana kwamba Katherine Kelly, aliyemcheza, ndiye aliyeibeba. Walimsifu kwa ulimi wake mkali, na kweli anachekesha. Nadhani sababu ina kina kuliko hicho. Katika kundi lile la vijana wenye mioyo mizuri, ni yeye peke yake asemaye wazi kwamba ametendwa udhalimu. Charlie ni mpole, tena mwenye adabu, na ana mtumwa. Hajioni hivyo, anasema ni adhabu ya haki, sheria ya kwao. Fungu la saba linamwacha Charlie na wenzake pembeni, linamfuata Quill anapokwenda kutolewa mdudu wake, na tunaona bei anayolipa kwa uhuru. Anarudi na kovu usoni na mimba tumboni, tena peke yake. Fungu hilo na lile la sita, ambapo vijana watano wamefungiwa katika darasa moja na kila ashikaye jiwe lililoanguka kutoka angani hulazimika kusema kweli iliyo moyoni mwake, ndiyo bora ya yote. Angalieni: la sita ni chumba kimoja, meza na viti. Halina joka.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Charlie amechukua kutoka kwao sanduku lenye roho za watu wake wote waliokufa. Sanduku hilo laweza kuwa silaha ya kufuta taifa zima, na roho zilizomo zitapotea kwa kazi hiyo. Quill anataka litumike tangu siku ya kwanza: waliua watu wetu, na wafe. Charlie anakataa. Mafungu saba swali hili linangoja. Je, aliyeuawa kabila lake anaweza kuua kabila? Si swali la mchezo. Katika nchi zetu hizi za maziwa makuu kuna wasomaji ambao hawahitaji nyota ya Rhodia ili kulielewa.

Katika fungu la nane, baba yake Ram anauawa. Mama yake Tanya anauawa. Dakika chache, wawili. Charlie analifungua sanduku na Watu wa Kivuli wanakwisha wote. Kisha nini? Kisha hadithi inakimbia. April anakufa na kuzinduka ndani ya mwili wa mfalme wa Kivuli, na Malaika wa mawe, maadui wa Daktari wa zamani, wanatokea, ili tungojee mwaka mwingine ambao haukuja. Watazamaji walilalamika sana juu ya mwisho huo. Walitaka kujua April atakuwaje, na wakuu wa shule wale wa siri wana mpango gani. Naelewa, lakini hayo ni mafumbo, na fumbo lisilojibiwa haliumizi sana. Mimi nilitaka matanga. Taifa limefutwa na kijana wa shule, na hakuna anayeketi chini. Tanya alipewa karibu fungu zima kuagana na baba aliyekufa miaka miwili nyuma. Mama yake aliyekufa leo hakupewa hata nusu saa. Kwa hiyo wale walioilaumu damu waliona kitu cha kweli, ingawa walikitaja kwa jina jingine.

Tangu 2018 zimetoka hadithi za Class za kusikiliza tu, bila picha, na wapenzi wake wamezipokea kwa furaha. Anayetaka kuitazama yenyewe asianze na kelele za fungu la kwanza na kukata tamaa. Avumilie mpaka la tatu. Wenye watoto wadogo wasiwawekee. Wenye vijana wakubwa waketi nao, hasa usiku wa fungu la nane, na wasizime taa mapema.