Rejeta, "Kipozajoto" na Mfuniko wa Hatari

Tumeletewa tafsiri ya kurasa nne tuihakiki. Inaeleza jinsi ya kuchagua na kufunga rejeta mpya katika gari kuukuu lililotiwa injini ngeni. Jina la mfasiri halikutajwa, wala la mchapaji, nasi hatuna haja ya kumwandama mtu. Kisarufi kazi hii haina makosa mengi: upatanisho wake ni safi, na hata alama za vituo zimekaa mahali pake. Lakini tulipoichukua hadi Tanga na kuisoma kwa sauti mbele ya mafundi wa gereji moja, tulilazimika kusimama karibu katika kila aya ili tueleze kilichokusudiwa. Tafsiri ya ufundi isiyoeleweka na fundi haina budi kuulizwa imeandikiwa nani.

Yafaa kwanza tulieleze gari lenyewe. Maandiko ya asili yaliwalenga Wamarekani, ambako tangu miaka ya 1930, hasa California, vijana walichukua Ford za zamani, wakazipunguza mabati na kuziongezea nguvu ya injini. Ford ya mwaka 1932 yenye silinda nane ilipendwa kuliko zote. Ilisifika kwa mbio, na kwa kuchemsha pia. Jina la magari ya namna hiyo likifasiriwa neno kwa neno hutoa "fimbo ya moto", na mfasiri wetu ameandika "fimbo za moto" mara saba bila kuona taabu. Mafundi walidhani twasoma habari za waganga. Tulipowaeleza maana, mmoja wao alicheka, akasema, "Kumbe Land Rover yenye injini ya Toyota!"

Naam, hiyo ndiyo tafsiri. Land Rover iliyotolewa injini yake na kutiwa ya dizeli kutoka Japani si kitu kigeni katika nchi yetu, na mashaka yake ni yaleyale ya Ford ya California: injini yenye nguvu zaidi huzalisha joto ambalo rejeta ya kale haikupangiwa. Takriban theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta huishia katika maji ya kupoza injini, na ni lazima itolewe nje. Dereva anayetoka Tanga akapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo bado hajajua kama rejeta yake inafaa. Atajua baada ya Mombo, katika zile kilomita zipatazo 33 za kupanda Soni hadi Lushoto, kutoka karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, gari likiwa katika gia ndogo, upepo wa mbele haba, na injini inahema.

Sasa tuje kwenye jina la kifaa. Mfasiri amekiita "kipozajoto". Hatulipendi neno hili. Joto halipozwi, kinachopozwa ni maji, nalo joto huondolewa. Isitoshe, katika ukurasa wa tatu imezidi herufi moja, likawa "kipoozajoto". Kupoza na kupooza ni mambo mawili, na istilahi inayogeuka maradhi ya viungo kwa kosa dogo la mpiga chapa si ya kutegemewa. Lililo kubwa zaidi ni kwamba hakuna duka la vipuri, Tanga wala kwingineko, ambako mtu ataomba kipozajoto akapewa anachotaka. Ataomba rejeta. Neno hilo limekwisha kupata sauti ya Kiswahili na upatanisho wake: rejeta imetoboka, rejeta zimeziba.

Wako watakaotulaumu kwamba twamkaribisha Mwingereza kwa mlango wa mbele. Twawakumbusha kuwa neno shule tulilipata kwa Wajerumani, nalo halikuifanya lugha yetu kuwa ya Kijerumani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 nayo ilituachia "reli", neno la kupokea, na kando yake "garimoshi", neno la kuunda kutokana na kilichoonekana kwa macho. Wenye lugha waliyatumia yote mawili bila ugomvi.

Palipohitaji kuundwa neno ni ndani ya rejeta, na hapo ndipo mfasiri alipoliacha pengo. Ameandika tu kwamba "kipozajoto kikubwa zaidi hupoza zaidi." Kikubwa kwa upande upi? Rejeta ina tangi mbili, na baina yake sehemu ya mirija myembamba ipitishayo maji, yenye vibati vyembamba vya kutawanyia joto. Kwa sehemu hiyo twapendekeza "sega", kwa kuwa imefanana nalo. Rejeta ya Mercedes ya mwaka 1901 ilisifiwa kwa umbo hilohilo la masega ya nyuki. Vile vibati tungeviita "mapezi", na mtu wa pwani hatahitaji maelezo. Tukiwa na maneno hayo twaweza kusema lile ambalo mnunuzi anapaswa kulijua: sega pana lenye safu mbili za mirija mara nyingi humfaa kuliko sega jembamba lenye safu nne, maana upepo unapofika safu za nyuma umekwisha kupashwa moto na zile za mbele. Na sega likiwa nene mno, feni isiyo na nguvu haiwezi kuvuta hewa ikapenya, hasa mlimani ambako gari lenyewe halikimbii. Basi fundi apime upana, kimo na unene, kisha atazame midomo ya mipira ya maji, kwani ya injini ngeni huenda isielekeane na ya rejeta. Neno "ukubwa" peke yake halikumsaidia kwa lolote.

Kuhusu madini tutasema machache. Rejeta ya shaba ni nzito, lakini ikitoboka hulehemiwa karibu popote. Ya alumini ni nyepesi, ila yenye tangi za plastiki mara nyingi haina dawa ila kubadilishwa. Mfasiri ameyaeleza haya vizuri. Tungetamani aongeze onyo juu ya maji ya visima vya mwambao, ambako ardhi ni ya mawe ya chokaa: ukoko wake huziba mirija upesi.

Kosa tusiloweza kulisamehe limo katika ukurasa wa mwisho. Imeandikwa: "Usifungue kipozajoto iwapo mfumo ungali na kanieneo." Kanieneo ni neno zuri, limeunganisha kani na eneo, nasi twalitetea katika vitabu vya fizikia. Hapa lakini linazungumza na mtu mwenye kitambaa mkononi kando ya barabara. Maji yaliyobanwa na mfuniko wenye kipimo cha karibu baa moja hayachemki kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Huvumilia hadi nyuzi 120 hivi. Mfuniko ukiondolewa, hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia mtu usoni. Na "kufungua rejeta" katika gereji kuna maana mbili, kuondoa mfuniko na kuishusha rejeta nzima garini. Sentensi hiyo yaweza kusomwa kama onyo juu ya spana na boliti, na msomaji akaendelea kuuzungusha mfuniko kwa amani.

Hata hivyo tusiwatukuze mafundi kupita kiasi. Kwao mfuniko ni mfuniko tu. Ule wa zamani ukilegea hutafutwa wowote unaoingia. Lugha ya gereji haikutenga mfuniko wa kuzibia tu na mfuniko wa kubania, ilhali kwenye kifaa chenyewe pameandikwa 0.9 au 1.1, na kuweka wenye nguvu kupita uwezo wa rejeta ni kuipasua. Hapa fundi ndiye anayemhitaji mtu wa istilahi. Twapendekeza "mfuniko wa presha", na namba yake iitwe "kipimo cha presha", kwa kuwa neno presha wanalijua kutoka kwenye magurudumu na hospitalini.

Lile onyo tuliliandika upya hivi: "Injini ikiwa ya moto, usiguse mfuniko wa rejeta. Zima, ngoja ipoe, kisha ulegeze mfuniko polepole kwa kitambaa, uso ukiwa mbali." Tuliwasomea, na safari hii hakuna aliyeuliza kitu. Kijana mmoja alichukua chaki akalinakili juu ya mlango wa gereji. Mahali pa "mfuniko" aliandika "kifuniko", nasi hatukumsahihisha.