Mzinga, shamba na gulio

Mchezaji wa Age of Empires II, gemu lililotoka mwaka 1999, hajali tu wingi wa chakula. Kondoo ana 100, na huswagwa hadi nyumbani. Nguruwe pori ana 340, ila anaua. Shamba linakula mbao 60 na kutoa 175 kabla ya kuboreshwa, tena polepole. Kwa hiyo kila chanzo kinapimwa kwa gharama ya leo, muda wa kurudisha, na kinachoweza kukikata.

Kipimo hicho nimekipeleka kwenye kaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania. Maharage ndiyo kondoo, maana miezi mitatu tu umeshavuna. Kahawa hungojewa karibu miaka mitatu hadi tunda la kwanza, halafu bei ya arabika inaamuliwa New York. Muhogo husubiri ardhini bila ghala. Ada ya shule ikibisha hodi unang'oa, unaloweka, unaanika udaga. Usipougua batobato au michirizi ya kahawia, bila shaka.

Asali ina hesabu ngumu zaidi. Katika gemu, salio takatifu (relic) likishawekwa monasterini huleta dhahabu 30 kwa dakika bila kibarua hata mmoja. Mzinga wa gome juu ya mti wa myombo unafanana nalo, ingawa unaweza kukaa msimu mzima bila kundi, na nyegere naye hana simile. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye gemu unaweza kufyeka msitu mzima na salio likaendelea kulipa. Kibondo, kila ekari mpya ya muhogo na kila tanuri la mkaa vinapunguza maua ya nyuki. Chanzo kimoja kinakula kingine, jambo ambalo waliotengeneza gemu hawakuliweka.

Kisha kuna biashara. Gemu hulipa mkokoteni zaidi soko la mshirika likiwa mbali. Huku faida ilitokana na ukaribu wa kambi za wakimbizi: Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, na Nduta, iliyofunguliwa tena 2015. Mwanakijiji alipeleka ndizi na mboga, akarudi na unga wa mahindi au mafuta ya mgawo. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa fedha taslimu baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu, na mnunuzi akawa na shilingi mkononi. Mwaka 2017 Serikali ikausimamisha mpango huo, kisha magulio ya pamoja ya wakimbizi na wanakijiji nayo yakafungwa. Mkokoteni ukabaki bila pa kwenda, kama gemuni mshirika anapoangushwa.

Mpangilio wangu basi: maharage kwanza, muhogo wa akiba, mizinga kabla myombo haijaisha, kahawa kwa mwenye subira. Gulio la kambi, likirudi, ni nguruwe pori. Ukimpata mle, lakini usimhesabu kwenye chakula cha mwakani.