Mwanasesere Mzuri Hutambuliwa Upindoni

Juzi kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa Mtito Andei, mwanasesere mmoja alipigwa picha na kila aliyepita. Alivaa gauni la kitenge kipya kilichokakamaa, ua moja la njano likimfunika kuanzia kifuani hadi magotini, na kilemba kirefu kuliko uso wake. "Kazi safi!" watu wakasema. Nilimgeuza. Mgongoni kulikuwa na velkro pana kuliko mkono wake, na chini ya gauni hapakuwa na mshono hata mmoja. Sikusema neno, kwa kuwa aliyemtengeneza alikuwa amesimama pale na mteja alikwisha kutoa pesa. Leo nasema.

Mwanasesere wa mitindo, huyu wa kimo cha Barbie, ana sentimita 29 hivi. Ni moja kwa sita ya mtu mzima, na asiyeiweka hesabu hiyo kichwani asishike mkasi. Leso ya kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110. Ya mwanasesere haipaswi kuzidi 25 kwa 18, na ndani ya kijitambaa hicho pindo na mji, yaani mapambo ya ukingoni na ya katikati, vionekane vyote. Anayekata kona ya leso ya dukani na kumfunga nayo amemvika kiraka. Ndiyo maana fundi wa kweli utamwona kwa wauza mitumba, akipekua mashati ya wanaume, nguo za watoto wachanga na tai za hariri, akitafuta ua lisilozidi punje ya mtama. Charlotte Johnson, aliyebuni mavazi ya kwanza ya Barbie kabla hajazinduliwa mwaka 1959, alitumwa mpaka Japani kusimamia vitambaa na ushonaji. Mafundi wetu wanashindwa kuvuka barabara kufika sokoni.

Lakini maua hata mgeni anaweza kufundishwa kuyaona. Kitu ambacho asiyejua hakiangalii kabisa, awe mnunuzi au hakimu wa mashindano, ni upindo.

Chukua rula. Cherehani nyingi zimezoea kushona kwa urefu wa milimita 2.5. Kwa mtu, mshono huo hauonekani. Kwa mwanasesere, zidisha mara sita: ni sentimita moja na nusu kila mruko. Hivyo ndivyo linavyoshonwa gunia la mkonge. Sasa pima kukunja kwenyewe. Upindo wa sentimita moja, ambao fundi wa sare za shule anaufanya huku anazungumza, ni sawa na kukunja sentimita sita kwenye sketi yako. Na ukikunja mara mbili kama ulivyofundishwa, kitambaa kinakuwa na tabaka tatu, na sketi inagoma kuanguka. Inasimama mbali na miguu, mwanasesere anaonekana amekasirika.

Nilimjua mama mmoja upande wa Kambu, marehemu sasa, aliyeshona sare mchana na wanasesere usiku. Kitambaa alikifua mara tatu na kukianika kivulini kabla ya kukikata, ili wanga wote utoke. Upindo hakuukunja. Alilowesha kidole gumba na cha shahada, akauviringisha ukingo mpaka ukawa mwembamba, kisha akaufuata kwa sindano ya shanga na unyuzi mmoja, akichota uzi mmoja tu wa kitambaa kila hatua. Upande wa nje hukuona kitu. Ungemletea kitambaa cha mkono cha zamani, kile chenye ukingo ulioviringishwa tayari, angekushukuru kuliko ungempa pesa: alikata sketi kwa namna ambayo ukingo ule ule ndio uliokuwa upindo. Akimaliza, alimwinua mwanasesere na kuipuliza sketi polepole. Upindo ukitikisika na kurudi mahali pake, kazi imekwisha. Usipotikisika, aliufumua wote, hata kama mwenye mali alikuwa anasubiri mlangoni.

Walaghai nao wanajua kwamba upindo ni kazi, ndiyo maana wamevumbua njia za kuukwepa. Wa kwanza hutumia gundi. Kwa macho ni safi ajabu, wala hakuna uzi unaoonekana, na hapo ndipo mnunuzi anaposifu "umaliziaji". Ukunje kwa kidole: ukibaki umekunjika, ni gundi, na kwa joto letu hili itageuka rangi ya chai. Wa pili huchoma ukingo wa poliesta kwa mshumaa. Pitisha ukucha, ukikwaruza, mrudishie. Wa tatu namheshimu kidogo kwa ujanja: humfunga mwanasesere ndani ya nailoni kwa pini za mgongoni, akamwonyesha mbele tu dirishani mwa basi, naye dereva keshaanza kupiga honi.

Mengine ni mafupi. Velkro ni marufuku. Tumia vifungo vya kubana, vile vidogo kabisa. Gauni lisilo na kamisi si gauni. Kitambaa cha kumetameta hakivaliwi mchana. Shanga zisizidi mstari mmoja. Usiniulize kwa nini.

Iliyobaki ni hadithi, kwa kuwa mbunifu wa kweli wa wanasesere ni mwandishi pia. Carol Spencer aliwabunia Mattel, watengenezaji wa Barbie, nguo zake tangu 1963 kwa miaka 35 hivi, kisha mwaka 2019 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Kwetu hadithi hukaa kwenye kikadi kinachofungwa kiunoni. Kikadi kikisema "binti mrembo wa Afrika anayependa amani", usinunue. Kikisema huyu anashuka Kambu na ndoo mbili za nyanya na bado hajaamua kumpigia dadake simu, sasa tazama upindo tena: je, umeishia juu ya kifundo cha mguu? Muuza nyanya wa huku haburuti sketi nyeupe kwenye udongo huu mwekundu. Mwandishi na mshonaji wakipingana, mmojawapo anadanganya, na mara nyingi ni wote wawili.

Zamani wasichana walilivika bunzi la mahindi lenye nywele zake lenyewe, kwa vipande vilivyolainishwa na miaka ya kufuliwa, na sketi zile zilianguka vizuri kuliko nyingi za sasa. Zamani pia mabasi yalitulia hapa, abiria akala, akazunguka, akashika, akauliza. Tangu treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, ianze mwaka 2017, wengi hutupita kwa mwendo, na anayeshuka ana dakika chache. Mafundi wamejifunza kushonea macho ya mtu mwenye haraka.

Wewe usiwe na haraka. Pindua, pima, puliza, soma. Na ukimpata aliyepita yote manne, lipa bei uliyotajiwa. Upindo wa kuviringisha unakula siku nzima, na anayeomba apunguziwe ndiye aliyetuletea gundi.